Wajibu wa Kuwafikishia Wazazi Habari za Shule

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi wa Jumuiya wanaozungumza Kiswahili katika jiji la New York, Marekani)





Tumetakiwa na wasimamizi wa kikao hiki tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana kuwa ni la kidunia tu, nalo ni jinsi familia zenye watoto wa shule za kati zilivyozipata, au zilivyozikosa, habari za shule katika mwaka wa masomo wa 2020 hadi 2021, wakati watoto wa jiji hili walipokuwa wakisoma siku chache shuleni na siku nyingine nyumbani. Huenda mtu akauliza: maradhi yale yamekwisha pita, watoto wale wamekuwa watu wazima, basi faida ya kuyafukua ni nini? Tunajibu kwamba wadogo zao ndio walioko leo darasa la 6 na la 7, na wazazi ni wale wale. Aidha, kusomea nyumbani hakukuondoka pamoja na korona. Tarehe 13 Februari 2024, theluji ilipotabiriwa, jiji liliwaamuru watoto wasomee nyumbani. Asubuhi ile mfumo wa kuingilia madarasa ukazidiwa na wingi wa watu, na wazazi wengi wakakaa mbele ya kioo kitupu bila kujua kama kosa ni la mtoto, la kifaa au la shule. Tulizipokea simu zenu asubuhi ile. Maswali yalikuwa ni yale yale ya mwaka 2020.

Ndugu wapenzi, katika lugha ya Kiarabu neno tabligh linatokana na mzizi wenye maana ya kufika. Kubaligh ni kufika, na tabligh ni kufikisha. Kwa hiyo mtu aliyesema lakini maneno yake hayakufika hajafanya tabligh bado. Mtukufu Mtume s.a.w., katika Hija yake ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, baada ya kuwahutubia Waislamu, hakutosheka na kusema. Aliwauliza watu wenyewe kama amefikisha, wakamjibu. Kisha akawaagiza waliohudhuria wawafikishie wasiohudhuria. Hebu tulitazame jambo hilo kwa makini. Yeye ambaye hakuna aliyekuwa na ufasaha kama wake, naye aliuliza. Sisi ni nani basi hata tutume karatasi au ujumbe wa simu kisha tuseme kazi imekwisha?

Na kutoka mzizi huo huo ndipo tulipopata neno letu la kubalehe. Mtoto wa shule ya kati, mwenye miaka 11 hadi 14, ndiye hasa anayekaribia kufika au ndiyo kwanza amefika. Katika shule ya msingi ana mwalimu mmoja, naye humjua mama kwa sura na kwa sauti. Akiingia darasa la 6 hupata walimu sita au saba, kila mmoja na somo lake, na mzazi hawezi tena kuuliza swali moja kwa mtu mmoja akapata jibu la mtoto mzima. Ongezeni juu ya hayo utaratibu wa masomo mseto, ambapo katika shule nyingi mwalimu wa siku za darasani hakuwa yule wa siku za nyumbani. Mtoto huyo huyo ndiye pia anayeanza kupenda kuwa na siri. Kwa hiyo habari zilizidi kuwa nyingi wakati ule ule njia zake zilipozidi kuwa nyembamba, na njia iliyobaki katika nyumba zetu nyingi ilikuwa ni mtoto mwenyewe.

Tuwakumbushe kidogo mwendo wa mambo, maana wengi wetu tumeyachanganya. Majengo ya shule za serikali za jiji hili, zaidi ya 1,600, zenye watoto takriban milioni moja, yalifungwa kuanzia Jumatatu tarehe 16 Machi 2020, na tangazo lilitoka Jumapili yake. Masomo ya mwaka mpya yalikusudiwa kuanza tarehe 10 Septemba. Yakaahirishwa. Tukaambiwa majengo yatafunguliwa tarehe 21 Septemba. Siku nne kabla yake, tarehe 17, tukaambiwa kwamba wadogo kabisa wataanza siku hiyo, shule za msingi tarehe 29, na shule za kati na za sekondari tarehe 1 Oktoba. Mtoto wa shule ya kati alipoingia darasani hatimaye, kila kundi lilikuwa na siku zake, na wiki nyingine siku zilibadilishana. Kisha tukaambiwa kuwa mzazi anayetaka mtoto wake aliyebaki nyumbani aingie katika masomo mseto ana nafasi moja tu ya kuchagua, kati ya tarehe 2 na 15 Novemba, ingawa mwanzoni ilisemwa kuwa nafasi hizo zingekuja mara kadhaa katika mwaka. Siku tatu baada ya mlango huo kufungwa, Jumatano tarehe 18 Novemba, wastani wa waliopatikana na maradhi jijini ukafikia asilimia 3, na hicho ndicho kilikuwa kipimo kilichowekwa. Mkutano wa Meya na waandishi wa habari uliotazamiwa asubuhi ukasogezwa kwa saa nyingi. Mchana, watoto wengine wakiwa bado madarasani, ikatangazwa kwamba kuanzia kesho yake majengo yote yanafungwa.

Hatuyasemi haya kwa kuwalaumu walimu. Walimu wengi waliipata habari ile saa ile ile tuliyoipata sisi, na baadhi yao waliipata kutoka kwa wazazi. Wala hatusemi kwamba kufunga kulikuwa ni kosa. Tauni na maradhi ya kuambukiza Uislamu umeyawekea adabu zake tangu zamani. Lakini Sayyidna Umar r.a., alipofika Sargh katika safari yake ya kwenda Sham na kupewa habari ya tauni, alishauriana na Muhajirina, akashauriana na Ansari, akashauriana na wazee wa Kikureshi, kisha akawatangazia watu kwamba asubuhi atapanda mnyama wake kurudi, nao wajiandae. Watu waliujua uamuzi, wakaijua na saa yake. Abu Ubaida r.a. alipopinga, alijibiwa mbele ya watu, na sababu ikaelezwa. Mama anayesafisha maofisi usiku hahitaji zaidi ya hayo. Anahitaji kujua ni nini kimeamuliwa, kinaanza lini na kwa nini, mapema kiasi cha kumwezesha kumtafuta mtu wa kukaa na mwanawe.

Sasa tuje katika habari zetu wenyewe.

Idara ya elimu ya jiji ilikuwa ikitafsiri barua zake kwa lugha tisa zaidi ya Kiingereza: Kiarabu, Kibengali, Kichina, Kifaransa, Kikorea, Kirusi, Kihispania, Kiurdu na Krioli ya Haiti. Kiswahili hakimo. Ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa walinusurika kidogo. Wa pwani na wa bara hawakuwa na kitu. Kuna mama mmoja miongoni mwetu, mwenyeji wa Tanga, ambaye karani wa shule fulani, kwa kuona mtandio wake, alimpa barua ya Kiarabu. Mama yule ni msomaji mzuri wa Kurani Tukufu. Aliisoma barua ile yote kwa sauti, mbele yetu, bila kukosea herufi wala irabu aliyoikisia, kisha akatuuliza: "Sasa imesema nini?" Baadhi yetu tulicheka, na tukaona haya baada ya kucheka. Barua ile ilikuwa ni fomu ya ridhaa ya kupimwa korona, ambayo bila ya hiyo mtoto hakuruhusiwa kuingia darasani majengo yalipofunguliwa tena.

Fomu hiyo ilileta balaa lake. Katika simu zetu ulizagaa uvumi kwamba anayetia sahihi amekubali mwanawe achomwe sindano. Baba mmoja aliichana. Hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa ameambiwa na watu watano aliowaamini, na shule haikumwambia lolote kwa lugha aliyoielewa. Tulipokwenda kwake tukaisoma fomu neno kwa neno, na tukamwonesha kuwa ni kijiti cha puani na si sindano, alikaa kimya, akaomba nakala nyingine. Tungependa ikumbukwe kwamba hatukwenda kumshawishi. Uamuzi ni wa mzazi. Ila uamuzi wa mtu ambaye hakufikiwa na habari si uamuzi wake, ni wa yule aliyemfikia kwanza.

Ama kuhusu kosa letu, hili tunalisema waziwazi kwa kuwa linawahusu waliokaa mbele yetu. Jumapili tarehe 29 Novemba 2020 ilitangazwa kwamba shule zitafunguliwa tena tarehe 7 Desemba. Sisi tuliokuwa tukishughulikia taalimu tulifurahi, tukaandika katika kundi la WhatsApp la wazazi: shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe 7, inshallah. Habari hiyo ilikuwa kweli. Lakini zilizofunguliwa ni shule za msingi na za wadogo zaidi. Shule za kati hazikutajwa, na hazikufunguliwa hadi tarehe 25 Februari 2021, yaani wiki 14 kamili tangu zifungwe. Familia mbili ziliwaamsha watoto wao alfajiri, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa 13, wakapanda basi katika baridi, wakafika kwenye mlango uliofungwa. Baba mmoja aliacha kazi siku hiyo ili ampeleke mwanawe, akapoteza ujira. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba yeye alisoma maneno yetu mara mbili ili ahakikishe.

Sisi kila tunaposoma katika Sura Hujurat amri ya kuchunguza habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, mawazo yetu huenda kwa waongo. Hatukufikiri kwamba watu waaminifu, wenye habari ya kweli, wanaweza kuwadhuru watu kwa kuacha maneno mawili. Tangu siku ile tulijiwekea utaratibu kwamba hakuna tangazo la shule linalotoka kwetu bila kutaja ni darasa la ngapi hadi la ngapi, ni tarehe gani, na nani aliyelitoa. Kama hatujui mojawapo, tunasubiri.

Tulijifunza pia kupiga simu. Kila mmoja wetu alichukua familia saba, akawa anazipigia kila Jumapili jioni baada ya Magharibi. Mwanzoni tulizungumza sisi tu, na mzazi akijibu ndiyo, ndiyo, alhamdulillahi. Tukagundua kwamba ndiyo ile ilikuwa ni adabu tu. Mama wa Kiswahili hatakwambia kwamba hakukuelewa; ataona amekuvunjia heshima, wewe uliyejitaabisha kumpigia. Basi tukageuza. Tukawa tunasema: "Tafadhali mama, tusaidie, tueleze wewe jinsi Salimu atakavyokwenda wiki hii, tuone kama sisi tumekosea." Hapo ndipo makosa yalipojitokeza, na mengi kweli yalikuwa ni yetu. (Jina la Salimu tumelitia tu kwa mfano.) Simu ya dakika tatu ikawa ya dakika kumi na tano, na tukapata kujua mambo mengine ambayo hatukuyauliza: kwamba kifaa kilichoazimwa na shule kimevunjika kioo, kwamba mtoto analala saa tisa za usiku, kwamba chakula cha mchana kilichokuwa kikigawiwa bure shuleni hawakujua kuwa wanaweza kukifuata hata siku za nyumbani.

Jambo la mtoto kuwa mkalimani tunaomba mtuvumilie tulikalie zaidi. Kulikuwa na kijana wa darasa la 7, mwana wa mama anayefanya kazi za usiku katika nyumba ya wazee. Kila asubuhi mama yake alirudi saa mbili, akamkuta ameketi mbele ya kishikwambi, akalala akiwa na moyo mtulivu. Kwa wiki sita kijana yule aliandikwa kuwa amehudhuria, kwa sababu kila asubuhi alijibu lile swali moja la mahudhurio, kisha akafungua michezo. Walimu wake walituma barua-pepe nne. Barua zile zilikwenda katika anwani aliyoifungua yeye mwenyewe kwa jina la mama yake, kwa kuwa mama alimwomba amfungulie. Mwalimu mmoja alipiga simu. Kijana akapokea, akamfasiria mama yake kwamba mwalimu anamsifu. Mama akamwambia mwanawe amshukuru mwalimu, na kijana akafasiri shukrani hizo, na mwalimu, hatujui alifahamu nini.

Ripoti ilipofika mama alikuja kwetu, hakulia. Alituuliza: katika hao wote, mwongo alikuwa nani? Mwalimu aliandika kweli. Mfumo wa mahudhurio uliandika alichobonyeza mtoto. Mtoto, ndiyo, alidanganya, naye alikiri na akatubu. Lakini sisi tunaona kwamba mtoto wa miaka 12 alibebeshwa amana ambayo watu wazima waliikimbia. Shule iliona wepesi kusema naye, mama aliona wepesi kumtegemea, na sisi jirani zake tulimwona kila Ijumaa tukamsifu kwa Kiingereza chake kizuri. Kumfanya mtoto awe mlango wa pekee kati ya wazazi wake na walimu wake ni kumtia katika mtihani ambao wazazi wenyewe wangekuwa na shida kuushinda. Na hata kama hadanganyi, heshima ya nyumba inageuka chini juu: baba anamwuliza mwanawe kilichoamuliwa, na mwana anaamua ni kiasi gani cha kumwambia.

Tena haikuwa lazima iwe hivyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964, katika sehemu yake ya sita, inakataza ubaguzi wa mtu kwa sababu ya taifa la asili yake katika mashirika yanayopokea fedha za serikali kuu, na shule zimo. Na idara ya elimu ya jiji hili ilikuwa na mkataba wa ukalimani kwa njia ya simu katika lugha zaidi ya 200, na shule yoyote iliweza kuutumia mwalimu alipotaka kusema na mzazi. Wengi wenu hamkujua. Sisi pia hatukujua hadi Januari 2021, na tulikuwa tumekaa katika jiji hili kwa miaka mingi. Sababu moja ni kwamba katika fomu ya uandikishaji, pale panapoulizwa lugha ya nyumbani na lugha anayotaka mzazi kuandikiwa na kuzungumziwa, wengi wetu tuliandika Kiingereza. Tuliona haya. Tulidhani mtoto atawekwa darasa la wasiojua, au shule itatuona kuwa ni washamba. Tulijificha wenyewe kwa kalamu yetu, kisha tukasikitika kwamba hatuonekani.

Kwetu Afrika Mashariki mzazi humkabidhi mtoto kwa mwalimu, akamwombea dua, akaondoka. Kumfuatafuata mwalimu kwa maswali ni kumtilia shaka. Ni adabu nzuri katika mji ambao mwalimu huyo utamwona msikitini na sokoni. Hapa mwalimu huwezi kukutana naye popote isipokuwa umemtafuta, naye anakuhesabu usiyeuliza kuwa hujali. Tumewasikia walimu wakisema hivyo juu ya watu tunaowajua kuwa hawalali kwa ajili ya watoto wao. Basi kuuliza hapa ndiyo adabu yenyewe.

Na tusije tukawanyoshea kidole wengine. Darasa letu la Kurani la Jumamosi, lililohamia kwenye simu tangu Aprili 2020, lilibadilishwa saa mara nne katika Ramadhani ile peke yake, na kila mara tuliwaambia watoto wawaambie wazazi. Mzee mmoja alifungua simu yake kila Jumamosi saa nne asubuhi kwa majuma matatu, akaona hakuna mtu, akadhani sisi tumeacha. Hatukumpigia. Yeye ndiye aliyekuja kutuuliza, baada ya Idi, kama kuna mgonjwa.

Kwa hiyo leo, baada ya sala ya Alasiri, tumeweka meza tatu nyuma ya ukumbi. Ya kwanza ni ya wale wenye watoto wa darasa la 6 hadi la 8: njooni na jina la shule, tutaandika barua fupi kwa kila shule kuomba lugha ya mzazi ibadilishwe kuwa Kiswahili, na mzazi mwenyewe ataitia sahihi. Ya pili ni ya simu: tutaangalia pamoja anwani ya barua-pepe iliyoko shuleni ni ya nani, na neno la siri lake liko kwa nani, mtoto awepo, asifichwe jambo hili, maana si mtego. Katika meza ya tatu mtafundishwa jinsi ya kuomba mkalimani, maneno matatu tu ya Kiingereza, na mtayasema mbele yetu kwa sauti kabla ya kuondoka. Yule mama wa Tanga ndiye atakayekaa katika meza hiyo. Wanaokaa mbali, Staten Island na ng'ambo ya mto, watangulie, kwani treni za Jumapili mnazijua.